Kurudi na Gari: Forodha Humtazama Mtu Kwanza

Tuseme muuguzi aliyeishi Leeds miaka tisa ameamua kurudi Kisumu. Ana Nissan yake aliyoinunua kwa fedha za zamu za usiku, na kila jamaa anayempigia simu humwuliza swali lilelile: kuiingiza Kenya ushuru wake ni kiasi gani? Swali hilo limewahi mno. Kabla ya gari kukadiriwa, forodha itataka kujua kama huyu muuguzi mwenyewe, kwa macho ya sheria, ni mtu anayehamisha makazi. Akithibitika kuwa ndiye, mzigo mkubwa wa kodi unamwondokea. Asipothibitika, gari lake litatozwa sawasawa na magari ya biashara yanayoshushwa Mombasa kutoka Japani.

Tofauti hiyo si ndogo, kwa sababu kodi za gari hupandiana mabegani. Ushuru wa forodha hukokotolewa juu ya thamani ya gari pamoja na bima na nauli ya meli. Ushuru wa bidhaa hutozwa juu ya jumla hiyo ikiwa imeshaongezewa ule wa forodha. Kisha huja VAT, ambayo kwa Kenya ni asilimia 16, nayo hutozwa juu ya vyote vilivyotangulia. Mtu aliyezoea kuhesabu asilimia mojamoja hushtuka akiona jumla.

Msamaha wenyewe umeandikwa katika Jedwali la Tano la Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Mtu anayekuja kuishi kwa mara ya kwanza katika nchi mwanachama, au mkazi anayerejea, anaweza kuingiza gari moja bila ushuru, mradi awe amelimiliki yeye binafsi na kulitumia nje ya Jumuiya kwa miezi isiyopungua 12. Siku ambazo gari liko melini hazihesabiwi. Mwenyewe awe ametimiza umri wa miaka 18. Basi la abiria zaidi ya 13 halimo, wala gari la kubeba mzigo wa zaidi ya tani 2.

Hiyo miezi 12 ndiyo inayowaangusha watu wengi, na inaniuma kwa sababu ni jambo la kupanga tu. Mtu anaamua kurudi mwezi wa tatu, ananunua gari zuri mwezi wa nne kwa akiba yake yote, anasafiri mwezi wa nane. Nia yake ni njema, gari ni lake kweli, na bado msamaha haumfikii. Kama unafikiria kurudi mwakani, basi gari utakalokuja nalo linapaswa kuwa mikononi mwako sasa hivi.

Neno kumiliki nalo lina uzito wake. Gari lililoandikwa jina la mwajiri, la kampuni ya familia au la kaka yako haligeuki kuwa lako kwa vile funguo ziko mfukoni mwako. Waliopo Uingereza wana mtego wa ziada. Ile kadi ya gari inayoitwa V5C inaeleza yenyewe kwamba si uthibitisho wa umiliki. Inamtaja mtu aliyesajiliwa kuwa mtunzaji wa gari. Kwa hiyo tunza risiti ya kununulia, taarifa ya benki inayoonyesha malipo, na mikataba ya bima ya mwaka mzima yenye jina lako. Vyeti vya MOT, ule ukaguzi wa kila mwaka kwa magari yaliyopita miaka mitatu, ni hazina nyingine: huandika kilomita au maili za gari kila linapokaguliwa, na kwa hiyo husaidia kuonyesha kwamba gari lilikuwa barabarani, halikufungiwa gereji likisubiri meli.

Halafu kuna magari ya mkopo. Wenzetu wengi ughaibuni huendesha magari wanayoyalipia kwa mwezi, na chini ya mkataba wa aina hiyo Uingereza mmiliki kisheria ni kampuni iliyotoa fedha hadi malipo ya mwisho yakamilike. Kulipakia melini bila idhini ya kampuni hiyo ni kuvunja mkataba, na mbele ya forodha huna hoja ya umiliki. Maliza deni kwanza, pata barua ya kuthibitisha kwamba limekwisha, kisha panga safari.

Kenya imeongeza sharti linalomhusu mtu mwenyewe: awe ameishi nje kwa miaka miwili kabla ya kurejea, na ziara zake nyumbani ndani ya miaka hiyo zisizidi siku 90 kwa jumla. Hesabu hiyo hujaa haraka. Krismasi umekaa wiki tano, hizo ni siku 35. Mwaka uliofuata mzazi akafariki, ukakaa wiki nne, siku 28. Baadaye ukaja mwezi mzima kumsimamia fundi wa nyumba. Hapo una siku 93, na pasipoti yako ina mihuri yote. Sharti hili ni kali kwa watu wanaorudi kuzika na kujenga, na ningependa lilegezwe. Lakini likiwa hivi lilivyo, mwenye mpango wa kurudi akae na kalenda.

Sasa tuje kwenye gari. Kiwango cha Kenya kinachojulikana kama KS 1515 hakiruhusu gari lililozidi miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza, na msamaha wa kodi haufuti sharti hilo. Mwaka 2025 mpaka ulikuwa magari ya 2018; kila Januari mpaka husogea. Gari la mwaka ulio ukingoni likipakiwa mwezi Novemba linaweza kufika likiwa limeshazeeka kisheria, hasa sasa ambapo meli nyingi kutoka Ulaya, tangu mashambulizi ya Bahari ya Shamu yaliyoanza mwishoni mwa 2023, huzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Tanzania haikatai gari kuukuu kwa namna hiyo: huongeza ushuru kwa sababu ya uchakavu, asilimia 15 kwa gari la miaka minane hadi kumi na asilimia 30 kwa lililozidi hapo. Uganda tangu 2018 hairuhusu lililozidi miaka 15.

Usukani ni kizuizi kingine. Uingereza, Japani, Australia na Afrika Kusini huendesha upande wa kushoto kama sisi, kwa hiyo magari yao yana usukani wa kulia. Anayetoka Marekani, Kanada, Ujerumani au Oman ana gari lenye usukani wa kushoto, na Kenya hailipokei, isipokuwa magari maalumu kama ya wagonjwa na ya zimamoto. Lakini asikate tamaa. Akiwa amelimiliki kwa miezi 12 na akaliuza kabla ya kurudi, anaweza kuingiza badala yake gari la usukani wa kulia ambalo thamani yake haizidi la kwanza, na akaomba msamaha kwa hilo. Hati za mauzo ya lile la zamani ndizo zitakazombeba. Kwa anayehamia Kigali au Bujumbura mambo ni kinyume, kwani huko magari hupita kulia.

Mpangilio wa safari nao una gharama. Msamaha humfuata mtu aliyekwisha kuwasili, mwenye muhuri wa kuingia kwenye pasipoti. Gari likitangulia, litakaa bandarini likikusubiri, na baada ya siku chache za bure ada ya kuhifadhi huanza kuhesabika kila siku. Ukitangulia wewe, sheria inakupa siku 90 tangu kuwasili ili mizigo yako ifike, na Kamishna wa forodha anaweza kuongeza muda, lakini usipite siku 360. Ushauri wangu ni utangulie wewe kwa wiki mbili tatu, uwe umeshapata wakala wa forodha mwenye leseni, umemwonyesha nakala za karatasi zote, naye amekwambia kilichopungua wakati bado kinaweza kutafutwa.

Kabla hujaondoka, lifutie gari usajili wa kule. Uingereza hufanywa kwa kuiarifu DVLA, wakala wa serikali wa usajili wa magari, kwamba gari linatoka nchini moja kwa moja. Japani hutoa hati maalumu ya kufuta usajili kwa ajili ya kusafirisha. Gari linalokwenda Kenya hukaguliwa huko huko linakotoka kama ni nchi yenye wakala wa ukaguzi, na Uingereza na Japani zimo. Kuhusu meli, ile ambayo magari huendeshwa hadi ndani kwa kawaida ni nafuu, ila gari liwe tupu. Anayeficha televisheni na viatu kwenye buti anajitafutia hasara, maana mikono mingi hushika funguo zile. Mwenye vyombo vya nyumbani achukue kontena la futi 40, gari na vyombo visafiri pamoja, kila kitu kimeorodheshwa.

Hata msamaha ukipatikana, utalipa nauli, bima, gharama za bandari, wakala, usajili na namba mpya. Kwa hiyo jiulize kama gari hilo litaishi vizuri huku. Dizeli ya kisasa ya Ulaya ina chujio la masizi lililoundwa kwa mafuta yenye salfa isiyozidi sehemu 10 kwa milioni; kiwango kilichoanza kutumika Afrika Mashariki mwaka 2015 kilikuwa sehemu 50. Ongeza foleni za mjini ambazo haziliachi chujio lipate joto la kujisafisha, na uangalie pia kama fundi wa mtaani kwako ana mashine ya kusoma hitilafu za aina hiyo. Gari la petroli la Toyota au Nissan linalofanana na yaliyopo hapa lina heri kuliko Vauxhall ya bei mara mbili yake.

Anayekwenda upande wa pili ana sheria nyingine. Uingereza humsamehe anayehamia kama ameishi nje kwa miezi 12 na gari amelimiliki na kulitumia kwa miezi sita, kwa sharti kwamba asiliuze wala kulikodisha ndani ya miezi 12. Marekani kwa mkazi wa kudumu ni vigumu zaidi: gari ambalo halikuundwa kwa viwango vyao vya usalama huruhusiwa kirahisi likifika miaka 25 tu. Anayehamia Minnesota aliuze gari lake Nairobi.

Na hapa kwetu, gari lililoingia kwa msamaha haligeuki kuwa huru kwa sababu limepata namba ya nchi. Ukimwuzia mtu asiye na haki ya msamaha kama wako, kodi iliyosamehewa hudaiwa. Mnunuzi naye, akiona gari safi la Uingereza likiuzwa na mtu aliyerudi majuzi, aombe kuonyeshwa hati za forodha kabla ya kutoa hata arubuni.