Mnyororo Ndani ya Mbuyu

Wanangu wa Kasongo na Kabambare, leo nawapeleka mbali, mpaka pwani ya Bagamoyo. Mkiuliza sisi watu wa Maniema tunatafuta nini huko, ngojeni kwanza niwaonyeshe njia.

Zama za Hamed bin Muhammed el Murjebi, yule mnayemwita Tippu Tip, misafara ilitoka Bagamoyo, ikakata Unyamwezi hadi Ujiji. Hapo watu walipanda mitumbwi, wakavuka Ziwa Tanganyika, wakashika njia ya Kabambare, ndipo wafike Kasongo. Walikuja na nguo, shanga na bunduki. Walirudi na pembe za ndovu mabegani mwa watu, na wengi wa watu hao nao walikuwa bidhaa. Mpunga wenu, na hata Kiswahili hiki ninachowasimulia, vilikuja kwa njia hiyohiyo. Na kuna waliokwenda wasirudi: Kariakoo, Dar es Salaam, mpaka leo upo Msikiti wa Manyema.

Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868. Walikomboa watumwa kwa fedha, wakawaweka katika kijiji chao. Mwaka 1876 ikajengwa nyumba ya masista, na nyumba hiyo sasa ni makumbusho. Ndani mna picha za kale, pingu na minyororo. Msipite mbio mbele ya minyororo. Kila pete ya shingo ilikuwa na mtu wake, na aliyekuwa mbele akijikwaa, wa nyuma naye alivutwa.

Sasa tutoke nje. Kuna mbuyu mkubwa uliopandwa na mapadri wenyewe, na katika shina lake kinaonekana kipande kifupi cha mnyororo. Mgeni aliyetoka kuona pingu husema papo hapo: hapa ndipo walipofungwa watumwa! Sivyo. Mwaka 1895 Bi Chevalier, Mfaransa aliyekuja kuendesha zahanati, alimfungia punda wake hapo. Mnyororo ukasahauliwa, mti ukanenepa, ukaumeza. Bila msimulizi, punda angegeuka mtumwa.

Na pembe je? Mtu wa Bagamoyo anaweza kusimulia zilivyopakiwa majahazini kwenda Unguja. Nani alimwinda ndovu, nani aliikabidhi pembe kwa hofu, nani aliachwa njiani kwa homa, hayo wa kuulizwa ni wazee wa kwenu.

Mwaka 2006 Tanzania iliiandikisha njia hii UNESCO, katika orodha ya awali ya urithi wa dunia. Ina Bagamoyo, ina Mpwapwa, ina Kwihara, halafu inakoma Ujiji. Naelewa, kila nchi huandikisha yaliyo ndani ya mipaka yake. Lakini mpagazi wa Kasongo alipofika Ujiji, mabega yalikuwa yamekwisha kuchubuka, Kabambare ameipita na ziwa amelivuka, na hapo ndipo njia ya kwenye orodha inapoanza kumhesabia hatua.