Kabla ya Kumchapa Mtoto Asiyeshika Aya

Lalamiko hili husikika sana madrasa: "Nimemsomea aya mara tatu, wala hata nusu yake haikumkaa." Mara nyingi jawabu huwa bakora. Kabla ya kuinyanyua, yafaa mwalimu na mzazi wajue namna ubongo unavyozihifadhi sauti.

Mwaka 1974 wanasaikolojia wa Uingereza, Alan Baddeley na Graham Hitch, walieleza kuwa kumbukumbu ya muda mfupi ina sehemu yake maalumu ya kushika maneno yaliyosikiwa. Sauti iliyoingia humo hufifia baada ya sekunde mbili hivi, isipokuwa mtu airudie kwa ulimi au kimoyomoyo. Majaribio yaliyochapishwa mwaka uliofuata yalionyesha kuwa mtu hukumbuka takriban maneno anayoweza kuyatamka katika muda huohuo. Ndiyo maana mafupi hushikika kuliko marefu.

Anayesikiliza lugha yake husaidiwa na maana. Mtoto wetu hana msaada huo: Kiarabu kwake bado ni sauti tupu, na nyingine, kama sin na sad, zinakaribiana mno, nazo sauti zinazofanana ndizo zichanganyikazo upesi. Huko Italia alikuwapo mwanamke ambaye kiharusi kiliidhuru sehemu hiyo ya kumbukumbu. Alizungumza vizuri, na kujifunza jozi za maneno ya lugha yake hakukumtatiza. Lakini maneno ya Kirusi aliyosomewa yalimshinda, kama ilivyoripotiwa mwaka 1988. Hakuwa mvivu, wala hakupungukiwa akili.

Basi masheikh wetu wa zamani, waliosoma kipande kifupi na mwanafunzi akaitika papo hapo, walikuwa na hoja. Suratul Kawthar yenye aya tatu huenda kwa wepesi; Aya ya Deni, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, haina budi kukatwa vipande. Mtoto asome kwa sauti, kwani aliye chini ya miaka saba hivi aghalabu hajazoea kurudia kimoyomoyo. Nyumbani, redio izimwe: maneno ya pembeni, hata ya lugha asiyoijua, huivuruga kumbukumbu hiyo.

Na anayekosea hata vipande vya maneno mawili, tena huitwa mara mbili tatu ndipo aitike, apelekwe kwanza hospitali akapimwe masikio.