Mshauri mwanagenzi hufunzwa kusikiliza kabla ya kunena

JINA 'ushauri nasaha' huwapotosha wengi. Mwanafunzi wa chuo kikuu anapobisha mlango wa mshauri, aghalabu hutarajia mawaidha kama yale aliyozoea kupewa na wazazi, walimu na viongozi wa dini. Mshauri mwanagenzi naye, kwa hamu ya kusaidia, hushawishika kuyatoa upesi. Hapo ndipo anapokosea.

Chukulia mfano wa mwanafunzi wa mwaka wa pili ambaye alama zake zimeshuka ghafla. Ni rahisi kumwambia ajikaze, aache anasa na ahudhurie mihadhara. Lakini akiachwa ajieleze, huenda ikabainika kuwa sehemu ya mkopo wake wa HELB huituma nyumbani kulipia nduguze karo, kisha yeye hulala njaa na kuona haya kuwaambia wenzake. Mawaidha ya kujikaza yangemfukuza, asirudi tena.

Ndiyo maana wanagenzi hufunzwa nadharia ya Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani. Katika makala aliyochapisha mwaka wa 1957, Rogers alisisitiza uhusiano baina ya mshauri na mteja. Miongoni mwa mengine, alitaka mshauri awe mkweli, amkubali mteja bila masharti, na ayatazame mambo kwa jicho la mteja huyo.

Kwa hivyo, mwanagenzi huuliza maswali yasiyojibika kwa 'ndiyo' au 'la' pekee. Huyarejelea aliyoambiwa kwa maneno yake mwenyewe ili kuhakikisha ameelewa. Zaidi ya yote, hujifunza kustahimili kimya, kwani mara nyingi neno zito hufuata baada ya kimya hicho.

Katika kikao cha kwanza, hueleza kuwa mazungumzo ni siri, na pia mipaka ya siri hiyo: maisha ya mteja au ya mtu mwingine yakiwa hatarini, sharti wengine wahusishwe. Akishuku kuwa mwanafunzi anawaza kujiua, humuuliza waziwazi. Wengi huhofia kwamba swali hilo litampa wazo hilo, ilhali kuuliza kwa upole humpa nafasi ya kutua mzigo. Nchini Kenya, mzigo huo ulizidishwa na hofu ya sheria hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipoamua kuwa kifungu kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai kinakiuka Katiba.

Mwanagenzi habebi haya peke yake. Hukutana na msimamizi mwenye tajriba, wakapitia vikao vyake na kubaini ni wapi alipoharakisha kunena. Kesi iliyomzidi uwezo huikabidhi kwa mtaalamu.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Hata hivyo, si haki kumlaumu mwanafunzi kwa kuficha ikiwa kila aliyejaribu kumweleza alimkatiza kwa mawaidha.