Jina la Mtu Si Mkarafuu wa Kukodisha

Katika biashara ya mtandao limezuka soko ambalo yafaa wananchi wa Visiwa hivi, pamoja na viongozi wanaosimamia biashara na utalii, walifahamu mapema. Bidhaa inayouzwa humo ni akaunti za watu katika mitandao ya kijamii, kama vile LinkedIn, Facebook na WhatsApp. Wateja wake ni makampuni yenye vikosi vya wauzaji, ambao kazi yao ni kuwaandikia watu wasiowajua na kuwashawishi wanunue.

Sababu ya kuzitaka akaunti nyingi si ngumu kuielewa. Mitandao huweka kikomo cha idadi ya wageni ambao akaunti moja inaweza kuwaendea. Muuzaji wa safari anayetaka kuwafikia mawakala wa utalii kwa maelfu huona kuwa jina lake moja halimtoshi, akaanza kutafuta majina ya wenzake. Hapo ndipo huulizwa: lipi bora, kukodi au kununua?

Kwa hesabu ya duka, kukodi huonekana nafuu. Aliyekodi hulipa kwa mwezi, na akaunti ikifungwa, aghalabu dalali huahidi kumpa nyingine. Aliyenunua hulipa mara moja, lakini hasara yote ni yake. Akaunti iliyozoea kutumika katika mji mmoja, ikifunguliwa ghafla kutoka nchi nyingine, hutiliwa shaka na kufungwa. Tena mwenyewe wa asili, aliyeisajili kwa namba yake ya simu, anaweza kuirejesha mikononi mwake baada ya kwisha kulipwa. Hata hivyo aliyekodi naye hayuko salama. Mazungumzo yake na wateja yamo katika nyumba ya mtu mwingine. Siku wakikosana, wateja na maagizo yao hubaki huko huko. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Huyu daftari analo, ila ameliweka kwa jirani.

Sisi tunaona kwamba njia zote mbili ni mbovu. Masharti ya LinkedIn yanakataza waziwazi kukodisha, kuazimisha au kuuza huduma hiyo, na yanakataza kumhamishia mtu mwingine akaunti. Kwa hiyo aliyekodi na aliyenunua wote wamelipia kitu ambacho aliyewapa hakuwa na ruhusa ya kukitoa.

Watu wa Visiwani tunaijua kazi ya kukodisha. Mikarafuu hukodishwa kwa msimu, na kila mwenye shamba anajua hofu yake: mchumaji asiye na uchungu na mti huvunja matawi ili amalize upesi. Lakini mkarafuu uliovunjwa tawi huenda ukachipua. Jina la mtu likishaharibika, ni taabu kulitengeneza. Kijana anayekodisha akaunti yake kwa fedha kidogo za kila mwezi haoni yanayoandikwa chini ya jina na picha yake. Mteja akitapeliwa, mtu wa kwanza kutafutwa ni yeye.

Hatari hii si ya kufikirika. Mwezi Mei 2024, Wizara ya Sheria ya Marekani ilitangaza mashtaka dhidi ya raia mmoja wa Ukraine, aliyedaiwa kuwauzia watu wa nje akaunti za uongo za tovuti za kutafutia kazi. Miongoni mwa waliotajwa kufaidika na mpango wa namna hiyo ni mafundi wa kompyuta wa Korea Kaskazini, waliojipatia ajira kwa majina yasiyo yao. Hapa kwetu, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kujifanya mtu mwingine kwa kutumia kompyuta. Mwajiri anayempa muuzaji wake jina la kukodi ayafikirie hayo kabla ya kufikiria faida.

Utalii wetu unasimama juu ya kuaminiwa. Mgeni hutuma fedha za chumba au za safari kabla hajaiona pwani yetu. Akigundua kwamba aliyemwandikia hayupo, hatamlaumu dalali wa akaunti. Ataitilia shaka Zanzibar nzima.

Tunawaomba wenye makampuni wawaache wauzaji wao wafanye kazi kwa majina yao wenyewe, wafungue kurasa rasmi za kampuni, na walipie matangazo kwa njia iliyo halali. Wateja watakuja polepole, lakini watakuwa wao. Kwa upande wa Serikali, ipo haja ya wahusika wa utalii na biashara kuwaeleza wenye leseni ubaya wa mtindo huu, na walimu kuwafunza vijana kwamba akaunti ni sawa na sahihi ya mtu. Hakuna mzee wa Visiwa hivi angemkodisha mgeni sahihi yake kwa mwezi. Na vijana wetu wasikubali.