Faida Imo Hesabuni, Fedha Zi Wapi?

Shule za Uganda hufunguliwa Februari, na kwa mke wa askari mwenye duka, Januari ndio mwezi wa kuhesabu kila senti. Chukuliwe mfano wa mama aliye na duka dogo huko Kisoko, wilayani Tororo, ambaye mumewe yuko kambini Moroto. Mwisho wa Januari programu ya hesabu iliyo katika simu yake yamwambia kwamba amepata faida ya sh. 500,000. Lakini karo ikitakiwa, sandukuni na katika akaunti ya simu mna sh. 50,000 tu. Je, ameibiwa?

La, hakuibiwa, na faida hiyo ni ya kweli. Ameuza vitu vya sh. 3,000,000, navyo vilimgharimu sh. 2,400,000, pamoja na kodi ya chumba sh. 100,000. Ila sh. 900,000 za mauzo hayo zingali kwa majirani waliokopa unga na sabuni.

Jambo hilo huelezwa na taarifa ya mtiririko wa fedha. Kanuni ya kimataifa ya hesabu Na. 7, iliyotolewa kwa sura hiyo mwaka 1992, yataka taarifa hiyo iwe na mafungu matatu. La kwanza ni biashara ya kila siku: wateja walilipa sh. 2,100,000, lakini shehena mpya kutoka Busia na kodi vilichukua 2,700,000. Hapo pamepungua sh. 600,000, na hapa ndipo penye ugonjwa. Fungu la pili ni mali ya kudumu, yaani jokofu la sh. 700,000. La tatu ni mitaji na mikopo: chama cha akiba kilikopesha 800,000, mume alileta 300,000, na matumizi ya nyumbani yakatoa 150,000, zikabaki 950,000. Mwezi ulianza na sh. 400,000, zikapungua 350,000, na ndizo hizo 50,000 zilizobaki.

Wengi huandika fedha za mume kuwa ni mauzo. Kosa hilo ni baya kupita mengine, kwa kuwa humpendeza mwenye duka. Kuzihamisha fedha kutoka sandukuni kwenda kwenye simu nako si mapato wala matumizi. Programu inayokuhesabu hivyo yapotosha.

Mpakani kuna jambo la ziada. Anayeweka shilingi za Kenya ataona thamani yake ikipanda au kushuka katika shilingi za Uganda bila yeye kuuza kitu. Tofauti hiyo yapasa iwe na mstari wake peke yake, mbali na mafungu yale matatu, ili hesabu ya mwisho ilingane na fedha zilizopo mkononi.

Mama wa Kisoko akiisoma taarifa hiyo ataona kwamba Januari duka lilimeza mkopo wa chama na fedha za mumewe. Karo basi aanze kuitafuta katika zile sh. 900,000 za majirani, na safari ya Busia ya Februari aipunguze, kabla hajauendea mkopo wa pili.