Kelele za jukwaani na kadi ya uanachama: nani humng'oa mwenyekiti wa klabu?

Mei 6, 2012, Simba iliifunga Yanga mabao 5-0 katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam. Tazama waliofunga: Emmanuel Okwi wa Uganda mawili, kipa Juma Kaseja kwa penalti, Patrick Mafisango, mzaliwa wa Kongo aliyeichezea Rwanda, kwa penalti nyingine, na Felix Sunzu wa Zambia kwa penalti ya tatu. Hata kipa alipata lake. Kabla ya mwezi huo kwisha, mwenyekiti wa Yanga, wakili Lloyd Nchunga, alikuwa ameshaandika barua ya kujiuzulu.

Kisa hicho bado husimuliwa katika vibanda vya video vya Busia, pande zote mbili za mpaka, kila klabu inapofungwa vibaya na mashabiki wakaanza kuuliza mwenyekiti anangoja nini. Mara nyingi husimuliwa kwa makosa. Wasimulizi husema mashabiki walipiga kelele, mwenyekiti akaogopa, akaondoka. Ingekuwa rahisi hivyo, viti vingi vya klabu za Afrika Mashariki vingebadilisha wakaaji kila Jumatatu asubuhi.

Nchunga alichaguliwa Julai 2010 kwa kura za wanachama, na msimu wake wa kwanza Yanga ilitwaa ubingwa. Msimu wa pili ndio ulioharibika. Timu ilimaliza ya tatu, nyuma ya Simba na Azam, na kukawa na malalamiko ya fedha. Baada ya zile tano, wanachama walikusanyika makao makuu ya klabu, mitaa ya Twiga na Jangwani, wakimtaka aondoke. Lakini nyuma ya kelele hizo kulikuwa na watu wa aina mbili ambao hawakuwa mashabiki wa kawaida. Wa kwanza ni wazee wa klabu, ambao Yanga huwasikiliza hata pale katiba isipowapa cheo kikubwa. Wa pili ni wajumbe wa kamati ya utendaji yake mwenyewe, waliokuwa wakijiuzulu mmoja baada ya mwingine. Mwenyekiti aliyezomewa na jukwaa anaweza kufunga dirisha la gari na kwenda zake. Aliyekimbiwa na kamati hana wa kuitisha naye kikao.

Kulikuwa pia na kivuli cha mtu wa tatu, naye alikuwa na fedha. Yusuf Manji alikuwa mfadhili wa klabu hiyo kwa miaka kadhaa, na wengi waliomtaka Nchunga aondoke walikuwa tayari wanajua wanamtaka nani. Uchaguzi wa kujaza nafasi ulifanyika Julai 15, 2012, Manji akashinda. Mwisho wa mwezi huohuo Yanga ikachukua Kombe la Kagame kwa kuifunga Azam 2-0, na msimu uliofuata ikarudisha ubingwa. Kwa shabiki, hesabu ilikuwa imefungwa.

Mfanyabiashara anajua hesabu haifungwi siku ya mauzo mazuri. Mei 2017 Manji alijiuzulu, na klabu iliyozoea kulishwa na mkono mmoja ikajikuta haina mkono mwingine. Yakafuata maisha ya michango. Wanachama na mashabiki waliombwa watoe walichonacho, na kocha kutoka Kongo, Mwinyi Zahera, akawa mstari wa mbele kuhamasisha uchangiaji, kazi ambayo kocha hakuajiriwa kuifanya. Simba ikatwaa ubingwa mara nne mfululizo kuanzia msimu wa 2017/18. Waliomwondoa mwenyekiti mwaka 2012 walikuwa wamepata mtu mwenye uwezo zaidi, lakini utaratibu wa kuiendesha klabu bila mtu huyo hawakuupata. Mjadala wa kuifanya klabu kuwa kampuni, wanachama wakibaki na asilimia 51 na wawekezaji wakipewa 49, ulikuja kupata kura ya wanachama wa Yanga mwaka 2021. Simba walikuwa wameshapiga yao Desemba 2017, na mwekezaji wao, Mohammed Dewji, alikuwa ameahidi Sh bilioni 20 za Tanzania.

Simba nao walijaribu njia ya kumng'oa mkubwa, na hao ndio wanaonifanya nisiamini sana hadithi ya kelele. Mwenyekiti wao, Ismail Aden Rage, wakati huo pia mbunge wa Tabora Mjini, alichaguliwa mwaka 2010. Msimu wa 2012/13 Simba ilishika nafasi ya tatu, na manung'uniko yakaanza Msimbazi. Novemba 2013, akiwa safarini nje ya nchi, kamati ya utendaji ilikaa na kutangaza kumsimamisha. Rage alirudi, akasema kamati haina mamlaka hayo, na kwamba aliyechaguliwa na mkutano mkuu huondolewa na mkutano mkuu. Shirikisho la soka, TFF, liliendelea kumtambua. Akabaki kitini hadi muhula ulipokwisha, na Juni 2014 wanachama wakamchagua Evans Aveva.

Tofauti ya Jangwani na Msimbazi haikuwa ukubwa wa hasira. Nchunga alikubali kuandika barua, Rage alikataa, na katiba ya klabu ikamlinda aliyekataa. Kamati inaweza kumfanya mwenyekiti akose usingizi, lakini kiti chenyewe ni mali ya mkutano mkuu. Kama wewe ni mwanachama wa chama cha wauza nafaka au cha akiba na mikopo pale mpakani, unaujua ugomvi huu vizuri, ila wenu hauna jezi. Mwenyekiti hataki kuitisha mkutano, daftari la wanachama liko kwa katibu, katibu ni mtu wake.

Sasa turudi karibu na nyumbani. Kutoka Sop Sop wilayani Tororo hadi soko la Busia, si ajabu kumkuta muuza karanga wa upande wa Uganda akiijua orodha ya wachezaji wa Gor Mahia kuliko ile ya timu yoyote ya Kampala. Jopadhola na Wajaluo wa Kenya ni ndugu wa lugha, na K'Ogalo inavuka mpaka bila kugongewa muhuri. AFC Leopards nayo ina watu wake kwa Wasamia, ambao mpaka uliwakuta wameshajenga pande zote mbili.

Ambrose Rachier, wakili kama Nchunga, aliiongoza Gor kwa zaidi ya muongo mmoja, na miito ya kumtaka aondoke imesikika karibu kila mwaka mgumu. Haikosi sababu. Mwaka 2019 SportPesa ilisitisha udhamini wake Kenya, na mishahara ikawa tatizo la wazi. Desemba 2020 timu ilisafiri kwa taabu hadi Algeria, ikafika saa chache kabla ya mechi ya Ligi ya Mabingwa Afrika, ikapigwa 6-0 na CR Belouizdad. Baadaye madeni ya wachezaji na makocha wa zamani yaliifikisha klabu kwenye adhabu ya FIFA ya kutosajili.

Lakini upande wa pili wa daftari pia upo. Chini ya uongozi huo Gor ilimaliza ukame wa miaka 18 kwa kutwaa ubingwa wa 2013, na mwaka 2015 ikamaliza ligi bila kufungwa. Na ulipofanyika uchaguzi Agosti 2020, Rachier alirudi. Waliompigia na waliompinga kwa kura walikuwa sehemu ndogo mno ya watu wanaoijaza Nyayo siku ya kukutana na Leopards. Hapo ndipo shabiki wa Gor hujikwaa. Anaimba dakika 90, analipa nauli ya matatu kutoka Busia hadi Nairobi, ila kadi ya uanachama hana, au anayo na imeisha muda. Siku ya kura yeye ni mpita njia.

Kuna wanaosema serikali iingilie. Njia hiyo Kenya imeijaribu ngazi ya juu zaidi. Novemba 2021 Waziri wa Michezo, Amina Mohamed, alilivunja shirikisho la FKF la Nick Mwendwa. Februari 2022 FIFA ikaifungia Kenya, na marufuku ikaondolewa Novemba mwaka huo. Kura ndiyo iliyoleta sura mpya hatimaye, Desemba 2024, alipochaguliwa Hussein Mohammed. Msaada wa kweli wa serikali kwa mwanachama wa klabu ni mdogo na hauna mbwembwe: Sheria ya Michezo ya Kenya ya 2013 inazitaka klabu zisajiliwe kwa Msajili wa Michezo, nazo husajiliwa zikiwa na katiba. Anayetaka kumwondoa mwenyekiti na aanze kwa kuisoma hiyo.

Upande wa Uganda kuna SC Villa. Klabu hiyo ilikuwa na mataji 16 ya ligi, la mwisho la mwaka 2004, kisha ikaingia miaka ya migogoro ya uongozi, marais wakinyooshewa vidole na kamati za muda zikipokezana. Jogoo walichofanya mwaka 2023 kinastahili kutazamwa na kila mwanachama wa chama chochote. Shabiki aliyejisajili na kulipa alipewa kura yake, na mfanyabiashara Omar Ahmed Mandela akachaguliwa rais kwa kura hizo. Mwaka uliofuata, 2024, Villa ikatwaa taji lake la 17, baada ya miaka 20 ya kusubiri. Sisemi kura ndiyo iliyofunga mabao. Fedha za mtu mmoja bado zina uzito mkubwa pale, na wenye kumbukumbu ya Manji wanajua hilo linaweza kwenda wapi.

Wale wa vibanda vya video wataniambia niangalie Ulaya. Nimeangalia. Mwaka 2010 mashabiki wa Manchester United walivaa skafu za kijani na dhahabu kuwapinga akina Glazer, walioinunua klabu mwaka 2005, na bila shaka wauza skafu hawakulala njaa. Mei 2, 2021 walivamia uwanja wa Old Trafford na mechi dhidi ya Liverpool ikaahirishwa. Mwaka 2024 akina Glazer walimuuzia Jim Ratcliffe zaidi kidogo ya robo ya hisa, wao wakabaki na sauti kubwa. Shabiki wa Manchester hana kura. Mwanachama wa Jangwani, wa Msimbazi, wa Villa na wa K'Ogalo anayo, na huwa anaiacha nyumbani.

Neno moja kwa wanaopanga maandamano, hasa mkiwa mmevuka mpaka. Januari 2023, Arsenal ilipoifunga Manchester United, polisi wa Jinja waliwakamata mashabiki wa Arsenal waliokuwa wakishangilia barabarani wakiwa na kombe la kubuni. Sababu iliyotolewa ilikuwa kuandamana bila kibali. Hao walikuwa na furaha tu, hawakuwa wakimtaka mtu ajiuzulu. Uganda ina sheria yake ya mikusanyiko ya 2013, na polisi hutaka kuarifiwa mapema. Kenya ina katiba inayoruhusu maandamano ya amani, nayo pia ina taratibu za kutoa taarifa. Kituo cha pamoja cha mpakani Busia, kilichozinduliwa Februari 2018, huwahudumia wasafiri wa nchi mbili mahali pamoja, lakini sheria ya polisi bado ni mbili. Kinachoruhusiwa mbele ya kituo cha mabasi upande mmoja kinaweza kukulaza rumande upande wa pili, na gunia zako za mahindi zikabaki na dereva.

Kwa hiyo kabla ya kununua rangi ya kuandikia mabango, uliza mambo matatu katika tawi lako: kadi yako inaisha lini, daftari la wanachama liko kwa nani, na katiba inataka saini ngapi kuitisha mkutano wa dharura. Hilo la mwisho huwa wachache wanalijua, na mwenyekiti ni mmoja wao.