Kuyazoeza Matumbawe Mwanga Mkali

Wanafunzi wetu wa bara, walio mbali na bahari, hudhani matumbawe ni mawe. La hasha, ni wanyama. Ndani ya miili yao mna mwani mdogo sana unaowatengenezea chakula kwa mwanga. Mwanga ukizidi ghafla, mwani huo hutoa sumu, nao hufukuzwa. Matumbawe hupauka, na yakikosa chakula kwa muda mrefu hufa.

Kwa hiyo mfugaji anayeweka taa kali zaidi kwenye tangi la kioo huanza na nusu ya nguvu yake, kisha huongeza kidogo kidogo kwa wiki 3 au 4. Yakianza kupauka, hupunguza.

Hapa tunaona tofauti ya kuzoea na kuzoeza. Mfugaji huzoeza, lakini wanaozoea ni matumbawe wenyewe, kwa muda wao.